Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mwili Unatetemeka Ninaposifiwa?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Lubumbashi, na ingawa walioziandika hawajuani, zimegusana kiasi kwamba nimeona afadhali nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu inauliza jambo ambalo watu wengi huliuliza kwa sauti ya chini. Majina yameachwa kwa ombi la wenyewe.

Swali la kwanza

Mama mshauri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni msichana wa miaka 29, mzaliwa wa Katuba, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza chuo kikuu. Nilisomea kemia, na tangu mwaka jana nimepewa kuongoza maabara inayopima sampuli za shaba na kobalti katika kampuni moja ya madini nje kidogo ya mji. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi ninapaswa kusimama mbele ya wakuu wa idara na kuwaeleza, kwa Kifaransa, matokeo ya juma lililopita. Tangu Jumapili jioni tumbo hunisokota na bukari, ugali wetu, haipiti kooni. Asubuhi yenyewe mdomo hukauka, viganja hulowa jasho hadi karatasi ya matokeo hujikunja pembeni pale ninapoishika, na moyo hunienda mbio kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Matokeo yangu hayajawahi kukutwa na kosa. Hata hivyo, ninapomaliza na kusikia wakinisifu, najiambia kwamba nimewapumbaza kwa mara nyingine, na kwamba siku ya kugunduliwa inakaribia. Juma lililopita shefu alisema mbele ya wote kwamba bila mimi maabara ingekuwa imeshasimama. Nilikwenda kujifungia chooni kwa robo saa nzima nikitetemeka. Rafiki yangu ananiambia kwamba shida yangu ni mfumo wa neva tu, na kwamba nikijifunza kupumua vizuri hali hii ya kujiona mlaghai itaisha. Je, ni kweli? Na kama mimi ni hodari kama wanavyosema, kwa nini mwili wangu unakataa?

Jibu

Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho. Unauliza kwa nini mwili unakataa, kana kwamba mwili ni shahidi aliyeitwa barazani kueleza uwezo wako, naye akatikisa kichwa mbele ya watu. Nimefundisha fiziolojia katika shule ya wauguzi kwa miaka mingi, na jambo moja ambalo wanafunzi wangu walichelewa kulielewa ni kwamba mwili hauna kiungo chochote kinachopima uwezo wa mtu. Upo mfumo unaopima hatari. Kelele unazozisikia kila Jumatatu ni za mfumo huo, nawe umezisoma kama hukumu juu ya elimu yako.

Jina la hali uliyonayo, hali ya kujiona mlaghai, si geni. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Atlanta nchini Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 waliokuwa na shahada, vyeo na heshima, lakini ambao ndani yao waliamini kwamba wamefika walipofika kwa bahati au kwa makosa ya waliowachagua. Hawakuiita ugonjwa, na hadi leo haimo katika orodha za magonjwa ya akili zinazotumiwa na madaktari. Tangu hapo imeonekana kwa wanaume pia. Mapitio ya tafiti 62 yaliyochapishwa mwaka 2020, yenye watu zaidi ya 14,000, yalikuta kwamba wanaojiona hivyo ni kati ya asilimia 9 na asilimia 82, kutegemea kipimo kilichotumika na watu waliopimwa. Wewe ni mtu wa maabara. Ukiletewa kifaa kinachosoma 9 leo na 82 kesho, unajua kwamba hukitumii kufungia mlango wa kazi ya mtu. Tuliache jina, turudi kwenye tumbo lako.

Nyumba nyingi za Lubumbashi zina sentinele, yaani mlinzi, langoni. Sentinele anayejua kazi yake anaposikia hatua usiku hupiga filimbi kwanza. Kama aliyekuja ni mwizi, au ni mwenye nyumba mwenyewe aliyesahau ufunguo, litajulikana baadaye taa zikiwashwa. Katika ubongo kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na viini viwili vyenye umbo la lozi viitwavyo amigdala, kimoja kila upande, ndani kabisa ya kichwa. Vikihisi hatari, habari hushuka hadi haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, na kutoka hapo neva za upande unaoitwa simpatetiki, ambazo hupita kwenye uti wa mgongo, huamsha viungo kwa muda mfupi kuliko unaotosha kusema neno. Tezi zilizoketi juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huongeza mapigo ili misuli ipate damu ya kukimbilia au kupigania. Viganja hutoa jasho. Mate hupungua, na tumbo husimamisha kazi yake, kwa kuwa mwili unaojiandaa kukimbia hauna haja ya kusaga chakula. Mmarekani Walter Cannon, ambaye kitabu chake cha mwaka 1915 kilieleza mambo haya, alianza kuyafuatilia alipokuwa akitazama kwa eksirei tumbo la paka aliyelishwa: paka alipofadhaika, tumbo lilisimama. Kwa hiyo bukari inayogoma kooni mwako Jumapili jioni haina siri yoyote. Ni tumbo la paka yule.

Sasa, sentinele huyu anapiga filimbi kwa ajili ya nini, ilhali chumbani hamna mwizi wala mbwa? Hapa lipo jaribio ambalo ningependa ulijue vizuri. Mwaka 1993 Clemens Kirschbaum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha namna ya kuamsha mfadhaiko kwa watu wazima wenye afya bila kuwagusa. Mtu hupewa dakika 10 za kujiandaa, kisha husimama mbele ya watu waliovaa makoti meupe na kujieleza kwa dakika 5 kwa nini anafaa kupewa kazi fulani. Wasikilizaji hawatabasamu, hawaitikii kwa kichwa. Baada ya hapo huambiwa ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 1022, akitoa 13 kila mara, na akikosea huambiwa aanze upya. Hakuna anayepigwa, hakuna anayepoteza chochote, na kesho yake hakuna atakayekumbuka. Hata hivyo moyo huenda mbio, na homoni iitwayo kotisoli hupanda kwa wengi wao.

Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya tafiti 208 za maabara wakauliza ni mambo gani hasa hupandisha kotisoli. Ugumu wa kazi peke yake haukutosha. Kilichopandisha zaidi kilikuwa ni kutazamwa na watu wanaoweza kukuhukumu, hasa pale ambapo matokeo hayako mikononi mwako. Soma tena barua yako ukiwa na habari hiyo mkononi. Unasimama mbele ya wakuu, kwa lugha isiyo ya nyumbani kwenu, ukieleza matokeo ambayo ubora wa mawe yenyewe hukuuamua wewe. Ni chumba cha Trier kilichohamishiwa kwetu Katanga, na tofauti ni kwamba wewe hurudi humo kila Jumatatu.

Tena unarudi ukiwa umebeba zaidi ya wale wa Trier. Wazee wa mji huu waliokulia katika makambi ya wafanyakazi wa migodi walikuwa na msemo, *kazi njo baba, njo mama*, na hawakuwa wakitania, kwa sababu kazi ndiyo iliyotoa nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Wewe ni wa kwanza katika ukoo kusoma hadi mwisho. Bila shaka wapo wadogo zako wanaolipiwa shule na mshahara ule. Mtu ambaye kazi yake ni baba na mama, akihisi kwamba inaweza kuponyoka kwa sababu ya jibu moja baya, ana haki ya kutetemeka. Ningeshangaa kama sentinele wako angelala.

Tuje chooni. Adrenalini hufanya kazi upesi na huondolewa katika damu kwa dakika chache, lakini kotisoli ni mwendo wa pole. Hufika kilele dakika 20 hadi 30 baada ya mfadhaiko kuanza, na huchukua muda mrefu zaidi kushuka. Maana yake ni kwamba sifa za shefu zilikukuta mwili wako ukiwa bado katika mbio. Na sifa zile hazikuwa za kukutuliza, maana alikuinua mbele ya macho ya watu wote, na macho ya watu ndiyo hasa sentinele anayolinda. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo uongo unapozaliwa: akili inasikia maneno mazuri, inahisi mwili wa mtu aliye hatarini, inatafuta maelezo yatakayounganisha viwili hivyo, na maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba sifa hizi si halali na muda wowote utakamatwa.

Katika maabara yako unajua kwamba elementi moja ikiwa nyingi katika sampuli inaweza kuvuruga usomaji wa nyingine. Kifaa hakikudanganya, kimepokea ishara ya kweli. Kosa liko kwenye jina lililoandikwa kando ya tarakimu. Mapigo ya moyo wako ni ya kweli. Jina uliloandika kando yake, "sifai", ndilo ninalokuomba ulipime upya.

Rafiki yako basi amesema nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ina uzito. Mwaka 1995 wale watafiti wa Trier waliwarudisha wanaume 20 katika chumba kile kwa siku tano mfululizo. Kwa walio wengi, kotisoli ilishuka sana kuanzia siku ya pili; mwili ulikuwa umejifunza kwamba chumba kile hakiui. Kwa wachache iliendelea kupanda kila siku kana kwamba ndiyo ya kwanza, na hao wachache ndio waliokuwa na mtazamo duni zaidi juu ya nafsi zao. Kwa hiyo habari haziendi upande mmoja. Mwili unaotetemeka huipa akili sababu ya kujitilia shaka, na akili inayojitilia shaka humwambia sentinele kila asubuhi kwamba mwizi angalipo. Ukishughulikia pumzi peke yake, umeushika mwisho mmoja wa kamba.

Lipo pia jambo ambalo Clance alilieleza vizuri, nami nitalisema kwa lugha ya kwetu: wasiwasi hugeuka kuwa hirizi. Mtu anajiandaa kupita kiasi, analala saa tisa usiku akirudia hesabu aliyokwisha kuihakiki mara nne, kisha mambo yanakwenda vizuri. Badala ya kusema kwamba anaijua kazi, anasema kwamba ameokolewa na usiku ule. Juma linalofuata hathubutu kulala mapema, kama vile mwenye hirizi asivyothubutu kuivua kujaribu kama angepona bila hiyo. Hujaniandikia habari za usiku wako wa Jumapili, lakini matokeo ambayo hayajawahi kukutwa na kosa hata mara moja yananitia wasiwasi kidogo juu ya saa zako za kulala.

Kuhusu kupumua, sitaki nikukatishe tamaa, kwa maana kunasaidia na sababu yake inajulikana. Ukivuta pumzi moyo huharakisha kidogo, ukiitoa moyo hupunguza mwendo, na anayeushika breki katika hatua hiyo ya pili ni neva ya vagasi, neva ndefu inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. (Kwamba neva hii husema na moyo kwa njia ya kemikali kulionyeshwa mwaka 1921 na Otto Loewi huko Graz, Austria, kwa mioyo miwili ya vyura. Wazo la jaribio lilimjia usingizini. Aliamka akaliandika, na asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake mwenyewe, hadi lilipomrudia usiku uliofuata. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel, na wewe unaogopa karatasi iliyojikunja pembeni.) Basi vuta pumzi kwa muda wa kuhesabu hadi nne, itoe polepole kwa kuhesabu hadi sita, ambayo ni pumzi sita kwa dakika, kwa muda wa dakika tano kabla ya kuingia. Moyo utatulia kiasi. Hautanyamaza kabisa, na usifanye kunyamaza kwake kuwe sharti la kuingia, kwani hapo utakuwa umeshona hirizi ya pili.

Kinachobaki ni kusawazisha kifaa, kazi unayoijua kuliko mimi. Hufanyi hivyo kwa kukitazama kwa huruma. Unakipa sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana, unalinganisha kilichosomwa na kilichomo. Chukua daftari. Jumapili jioni andika kwa tarehe kile ambacho mwili wako unatabiri: nitasahau tarakimu ya kobalti, mkuu wa uzalishaji atacheka, wataniuliza swali nitakaloshindwa. Jumatatu saa sita mchana, mwili ukiwa umeshuka, andika kando yake kilichotokea kwa kweli, pamoja na makosa kama yapo. Usiandike ulivyojisikia; andika kilichosemwa na kilichofanyika. Baada ya miezi miwili utakuwa na safu mbili za takwimu zako mwenyewe, nawe utaweza kuhukumu kama kifaa hiki kinafaa kuaminiwa, na kwa kiasi gani. Ninaamini kuwa neno langu au la shefu halitakuingia, lakini jedwali litakuingia.

Katika Jumapili moja kati ya hizo, lala saa nne usiku bila kurudia hesabu kwa mara ya tano. Moja tu.

Juu ya hofu kwamba wote wanaona unavyotetemeka, tulia. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba wasemaji hudhani wasiwasi wao unaonekana nje zaidi kuliko unavyoonekana kweli, na kwamba wale walioelezwa jambo hili kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi. Mimi mwenyewe, siku yangu ya kwanza darasani, chaki ilinikatika mkononi mara tatu na nikaamini kwamba nimevunjiwa heshima maisha. Miaka kumi baadaye nilimuuliza mwanafunzi mmoja wa siku ile; alichokumbuka ni kwamba nilivaa kitenge kizuri.

Kifaransa nacho kina sehemu yake. Noradrenalini, ndugu yake adrenalini, pamoja na dopamini zikizidi ndani ya ubongo, sehemu yake ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hushikilia mambo kadhaa kwa wakati mmoja, hulegea katika kazi yake. Ndiyo maana neno ulilolijua tangu shule ya msingi hukukimbia mbele ya wakuu na kukurudia ukiwa kwenye teksi. Anayezungumza kwa lugha ya pili anaitwisha sehemu hiyo mzigo wa ziada. Andika sentensi mbili za kwanza na uzisome kama zilivyo. Hakuna mkuu atakayekukataza.

Na kama katika ukumbi ule kuna watu wanaonong'ona juu ya namna msichana wa Katuba alivyopata cheo, basi sehemu ya kelele si ya kwako hata kidogo. Clance na Imes waliwatazama wanawake wenyewe; baadaye waliibuka wanaouliza, na mimi naungana nao, kwa nini tumpeleke mwanamke kwenye mafunzo ya kujiamini wakati mnong'ono uko kwenye veranda ya ofisi. Sentinele akipiga filimbi na kweli yupo mtu ukutani, hatumpi sentinele dawa ya usingizi.

Jambo la mwisho, na hili ni la muuguzi. Moyo kwenda mbio kunaweza pia kutokana na upungufu wa damu au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Ikiwa mbio hizo hukujia hata siku ambazo hukabili mtu yeyote, au zinakuamsha usiku, au unapungua uzito, nenda ukapimwe.

Swali la pili

Mimi ni mwalimu wa miaka 52, ninaishi Kampemba. Mwaka huu nimeteuliwa kuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari baada ya kufundisha hisabati kwa miaka 24. Nasoma kila mahali kwamba anayejitilia shaka hutetemeka na kutoka jasho. Mimi sitetemeki, ninalala vizuri, lakini kila siku najiambia kwamba kazi hii siiwezi. Je, neva zangu zimechoka?

Jibu

Papa prefe, neva zako ziko salama, na barua yako imenifurahisha kwa sababu inavunja kanuni ambayo watu wameanza kuiamini mno, kwamba kila shaka hutoka mwilini. Yako inaonekana imetoka mahali pengine: kwenye ukweli. Umefundisha hisabati kwa miaka 24. Hujawahi kugawa ratiba ya walimu 30, kusuluhisha ugomvi wa karo na wazazi, wala kutunza daftari la fedha la shule. Hujui bado. Neno *bado* lina kazi yake hapo, na tofauti na yule dada wa maabara, aliyekwisha kuijua kazi yake ila haamini, wewe una mambo ya kujifunza yanayoweza kuhesabiwa.

Yaandike. Ukikuta kwamba ni manne au matano, kila moja likiwa na mtu mjini anayelijua, mwendee. Maprefe waliostaafu hupenda kuulizwa kuliko unavyodhani. Ukikuta kwamba umeshayajua yote na bado unajiambia hivyo hivyo, niandikie tena, nami nitakujibu tofauti.

Swali la tatu

Mimi ni mwanafunzi wa Kamalondo, na baada ya majuma matatu nitatetea memwari yangu, yaani tasnifu, mbele ya juri. Nimefanya utafiti mwenyewe lakini ninajiona kama mwizi wa kazi ya mtu mwingine, na nikifikiria siku hiyo mikono inatetemeka. Mwenzangu amenipa vidonge vya propranololi ambavyo mama yake hutumia kwa ajili ya presha, akisema nikimeza kimoja nitasimama kama simba. Nimeze?

Jibu

Usimeze, mwanangu, na vidonge hivyo virudishe kwa mama mwenye presha kabla havijampungukia.

Propranololi ni dawa nzuri mahali pake. Ilitengenezwa miaka ya 1960 na kundi la James Black, Mskoti aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, kwa ajili ya wagonjwa wa moyo. Huziba milango ambayo adrenalini huingilia ili kuuharakisha moyo, hivyo mapigo hupungua na mikono hutulia. Madaktari wengine huwaandikia wanamuziki na wasemaji kwa sababu hiyo. Lakini kwa mtu mwenye pumu dawa hiyo hiyo inaweza kubana njia za hewa hadi akakosa pumzi, kwa mwenye kisukari hufunika dalili za sukari kushuka, na kwa ambaye moyo wake tayari hupiga polepole inaweza kumwangusha. Mwenzako hajui wewe uko kundi gani, na pengine wewe mwenyewe hujui.

Ningependa pia uone jambo moja katika kidonge hicho hata usipokimeza. Kinanyamazisha mikono, kisha kinaishia hapo. Mwenye kukimeza anaweza kusimama bila kutikisika na bado akajiona mwizi wa kazi yake mwenyewe, na juri likimpongeza atasema kwamba waliopongezwa ni vidonge.

Wewe una majuma matatu, ambayo ni mengi. Wale wanaume wa Trier niliowataja juu, kwa walio wengi siku ya pili tu ilitosha kotisoli kushuka. Basi tengeneza Trier yako. Watafute watu watatu, mmoja wao asiwe rafiki, uwaombe wakae mbele yako katika chumba kinachofanana na kile cha utetezi, bila kutabasamu wala kuitikia kwa kichwa, na wakuulize maswali magumu kwa dakika 20. Waambie wakuulize hasa jambo unaloliogopa: data hizi ulizikusanya wapi, siku gani, ulimhoji nani kwanza. Utajikuta unajibu kwa majina ya barabara, kwa mvua iliyokunyeshea siku ile, kwa mama aliyekataa kufungua mlango hadi mara ya tatu, mambo ambayo mwizi wa kazi ya mtu hawezi kuyajua. Rudia zoezi hilo mara nne kabla ya siku yenyewe. Moyo utaenda mbio siku hiyo pia. Uache uende, ukianza kujibu swali la kwanza.